Wimbo wa taarabu unabeba hisia za nani?

Mwandishi wa Kirusi Tolstoy, katika kitabu chake kuhusu sanaa kilichotoka mwaka 1898, aliweka sharti gumu: msanii awe ameguswa na jambo kwelikweli, kisha kwa sauti, rangi au maneno awaambukize wengine hisia ileile. Asipoambukiza, hakuna sanaa. Kwa kipimo hicho aliitupa hata Simfoni ya Tisa ya Beethoven, pamoja na sehemu kubwa ya kazi zake mwenyewe. Angalau hakujipendelea.

Sharti hilo bado lina wafuasi, hata wasiowahi kumsoma. Tunamsifu mwimbaji kwamba "anaimba kutoka moyoni", na aliyeimba kwa ajili ya malipo tunamshuku. Wana hoja. Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa taarabu wa Zanzibar, alipoimba kisa cha Kijiti, aliyemuua mgeni wa kike Zanzibar kisha akatoroka, uchungu wa wimbo ule ulikuwa wa kweli, na waliousikia waliupata. Ukiuondoa uchungu, unabaki na taarifa ya polisi yenye vina.

Lakini huo ni wimbo wa aina moja tu. Nenda kwenye taarabu ya harusi, Unguja au Mombasa, utazame kutunza, yaani kumpa mwimbaji pesa akiwa anaimba. Mama mmoja anainuka na noti yake, anasogea mbele taratibu, kwa maringo. Hana haraka, anausubiri mstari wake. Ukifika, anainua noti juu, anageuka kidogo upande aliokaa mbaya wake, macho yanakutana, kisha ndipo anamtunza mwimbaji na kurudi kitini. Ukumbi mzima umeshajua nani kaambiwa. Mwimbaji hana ugomvi na mtu. Pengine hao wawili ni wageni kabisa kwake.

Sasa hisia hizo ni za nani? Si za mwimbaji. Tukimgeukia mtunzi wa maneno, mara nyingi ni mtu mwingine kabisa, na aliyetia muziki ni wa tatu. Mshairi huenda aliandika akimlilia mpenzi aliyemwacha. Usiku huo shairi lake linamsuta jirani. Usiku wa pili, kwenye harusi nyingine, litambembeleza mume aliyenuna. Maneno ni yaleyale, na kila mara ukumbi unaguswa kwelikweli. Tolstoy angesema maambukizi yamekatika njiani. Mimi naona hayakuanzia kwa msanii hata kidogo: hisia zimeletwa na aliyevaa gauni lake akaja harusini na kinyongo chake, na wimbo ukampa namna ya kukitoa bila kutukana. Kwa sababu hiyo mafumbo ya taarabu huachwa wazi. Fumbo lililofungwa kwa machozi ya mtunzi peke yake lingemfaa mtunzi peke yake.

Atakayenijibu atasema huku ni kuutumia wimbo tu, kama kuokota jiwe la kurushia. Ila jiwe halichaguliwi kwa ubeti. Mama yule aliacha nyimbo tatu zipite akiwa amekaa, kwa kuwa hazikusema sawasawa. Ufundi wa mshairi ndio uliomwinua, hata kama mshairi aliandika shairi lile akiwa amekunywa kahawa yake, hana donda la moyo, anadaiwa tu wimbo na kikundi kabla ya Ijumaa.