Aliyeishia wiki ya tatu naye ana la kusema

Huduma mpya ya mazoezi na lishe kwa njia ya mtandao ikianza, maoni ya watumiaji hugawanyika mapema. Huku kuna picha za kabla na baada, suruali iliyokuwa haifungi sasa inataka mkanda, nyama uzembe zimekwisha, na shukrani kwa kocha hazihesabiki. Kule kuna wachache wanaosema mpango haukuwafaa. Hawa hujibiwa bila kucheleweshwa: hukufuata maelekezo, unapenda kula, huna nidhamu. Wakizidi kuuliza, admini anawatoa kundini, na kundi linabaki la wanaoshukuru watupu.

Ninaandika kwa ajili ya hao waliotolewa. Si kwamba kila wanachosema ni sahihi.

Watoa huduma wana hoja, tena si dhaifu. Mtaalamu wa lishe aliyesomea kazi hiyo hapatikani kirahisi, na ukimpata ana foleni ya wagonjwa wa kisukari na presha kabla hajamfikia mtu anayetaka tu kupunguza kitambi. Ujumbe wa WhatsApp unamfikia mtu wa Songea, wa Kisumu na wa Muscat asubuhi ileile. Mahitaji yapo: utafiti wa kitaifa wa afya wa Kenya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene. Na ni kweli wapo wanaolipa, wakapokea ratiba, wasifungue hata video moja, kisha wiki ya pili wakaandika kwamba wametapeliwa. Wengine hujipima kila asubuhi, na mizani ikipanda nusu kilo kwa sababu ya chumvi na maji ya jana, lawama zinaanza. Mtu anayeendesha kundi la mamia ya watu akichoshwa na maneno hayo, namwelewa.

Hata utafiti uko upande wake, japo kwa nusu. Mwaka 2005 daktari Michael Dansinger na wenzake wa Boston walichapisha jaribio la watu 160 waliogawiwa mipango minne ya kula iliyokuwa maarufu Marekani: Atkins, Zone, Weight Watchers na Ornish. Baada ya mwaka mmoja wastani wa kupungua ulikuwa kati ya kilo 2.1 na 3.3, na aina ya mpango haikuleta tofauti ya maana. Kilichohusiana na kupungua ni kuushika mpango, uwe upi. Hapo kocha atasema: si niliwaambia? Lakini takwimu zilezile zinaonyesha waliofika mwisho wa mwaka. Ornish ilibaki na asilimia 50, Atkins 53, na hiyo mingine miwili 65 kila mmoja. Hawa walikuwa watu wazima wenye presha, mafuta mabaya ya damu au sukari iliyopanda, yaani watu wenye kila sababu ya kuvumilia, tena wakiwa chini ya uangalizi wa hospitali ya chuo kikuu. Mpango unaopoteza theluthi hadi nusu ya watu wa namna hiyo una la kujibu wenyewe, kabla hatujafika kwenye uvivu wa mtu.

Kuna jaribio la pili ambalo kila ninaposoma ugomvi wa namna hii linanirudia. Chuo Kikuu cha Stanford, mwaka 2018, Christopher Gardner na timu yake. Watu 609, mwaka mzima, vipindi 22 vya mafunzo pamoja na wataalamu wa lishe. Nusu walipunguza mafuta, nusu walipunguza wanga. Wa mafuta walipungua wastani wa kilo 5.3, wa wanga kilo 6.0, na magazeti yakatangaza sare. Kilichonishika mimi ni upana wa matokeo ndani ya kila kundi: yupo aliyepungua karibu kilo 30, na yupo aliyeongezeka karibu kilo 10. Walimu walewale, masomo yaleyale.

Sasa wape hao wawili nafasi ya kuandika maoni. Wa kilo 30 ataweka picha, na hatakuwa amesema uongo. Aliyeongezeka 10 ataandika kwamba mpango ni bure, naye hatakuwa amesema uongo. Ugomvi unaanza pale kila mmoja anapodhani ushuhuda wa mwenzake unaufuta wa kwake. Katikati yao wamekaa watu wa kilo tano, sita. Kilo hizo ni chache mno kwa tangazo na ni nyingi mno kwa lalamiko, kwa hiyo hawaandiki kitu, na ndio walio wengi. Kilo 6 kwa mwaka ni nusu kilo kwa mwezi. Linganisha na bango linaloahidi kilo 10 kwa siku 21.

Sehemu ya tofauti hiyo bila shaka inatokana na nani alifuata na nani hakufuata. Lakini watafiti walijaribu kutabiri mapema nani atafaidika na nini, wakapima vinasaba fulani na jinsi mwili unavyotoa insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, na vyote viwili havikusaidia. Stanford walishindwa wakiwa na maabara. Kocha ana dodoso la maswali kumi, na bado anauza "mpango uliotengenezwa kwa ajili yako wewe binafsi". Akiutoa mpango huo kisha ukamshinda mtu, kosa linakuwaje la mtu peke yake?

Tazama Jumatatu moja ya ratiba kama hizi, ambazo nyingi zinanuka jiko la ughaibuni. Asubuhi, uji wa oti na mbegu za chia na lozi kumi. Saa nne, mtindi wa Kigiriki. Mchana, gramu 120 za kuku wa kuchoma, kinoa na brokoli. Usiku, samoni. Aliyelipia anafanya kazi Kariakoo. Anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala, mchana anakula kwa mama ntilie ambako chaguo ni wali maharage, ugali dagaa au ndizi nyama, na mama ntilie hapimi kwa gramu. Usiku kuna sufuria moja ya watu sita. Achemshe brokoli yake pembeni, watoto wakimwangalia? Wiki ya tatu anaandika kundini: "Chakula chenyewe sikipati." Anajibiwa: "Mwenye nia hakosi njia." Kisha zinafuata stika za makofi.

Ujumbe ule ulikuwa na taarifa ambayo mtoa huduma angeilipia fedha kama angejua thamani yake. Umemwambia ratiba inakatikia wapi: mchana kazini na usiku kwenye sufuria ya familia. Marekebisho yake wala si magumu. Ugali wa kiasi cha ngumi badala ya mlima, mchicha au matembele yajaze nusu ya sahani, dagaa wasiogelee kwenye mafuta, chai ipungue vijiko vya sukari. Kazi ya kupima vyakula vyetu ilishafanyika siku nyingi. Tanzania ina majedwali ya virutubisho vya vyakula ya mwaka 2008, yaliyoandaliwa na Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Harvard. Kenya ilitoa ya kwake mwaka 2018, pamoja na kitabu cha mapishi. Huku programu kubwa za simu za kuhesabu chakula, kama MyFitnessPal, hutegemea sana vyakula vinavyoingizwa na watumiaji wenyewe, kwa hiyo mpenzi wa kisamvu cha nazi anaweza kujikuta akihesabu makisio ya mtu asiyemjua.

Malalamiko mengine yanachekesha kidogo lakini ni ya aina hiyohiyo. Simu inakukumbusha unywe maji saa saba mchana, na ni Ramadhani. Ratiba ya milo sita kwa siku haina mahali pa futari na daku. Video ya kila siku inakula bando. Mazoezi ya kurukaruka yamepangwa alfajiri, na wewe unaishi chumba cha kupanga, ukuta mmoja na mwenye nyumba. Kila moja likisomwa peke yake ni kisingizio. Yakikusanywa yote na mtu mwenye akili ya biashara, ni toleo la pili la huduma.

Lipo lalamiko moja ambalo kulipuuza ni hatari, na kwa hilo sina subira na watoa huduma. Mtu anaandika kwamba anasikia kizunguzungu, anatetemeka, jasho jembamba linamtoka. Jibu: vumilia, ni sumu inatoka mwilini. Ini na figo zinatoa taka kila siku bila kusubiri juisi ya kijani. Lakini mtu anayetumia insulini au vidonge vya kisukari kama glibenklamaidi akikata wanga ghafla bila daktari kurekebisha dozi, sukari inaweza kushuka hadi akazimia. Kizunguzungu chake ni dalili. Kundi ambalo wanaolalamika wametolewa ndilo kundi ambalo mtu huyu ataogopa kusema.

Marekani wamelitazama suala la ushuhuda kwa muda mrefu kuliko sisi. Zamani tangazo lingeweza kuonyesha aliyepungua kuliko wote, kisha chini kwa herufi za sisimizi likasema matokeo haya si ya kawaida. Mwaka 2009 Tume ya Shirikisho ya Biashara, FTC, ilibadilisha mwongozo wake: ukimtumia mtu wa namna hiyo, sema wazi mteja wa kawaida atarajie nini. Mwaka 2024 wakaongeza kanuni inayopiga marufuku maoni ya kughushi na ya kununuliwa. Kwetu, picha mbili na jina la kwanza bado zinamaliza mjadala.

Kwenye fedha, tofauti inanivutia zaidi. Kampuni ya Noom ya New York, inayouza mpango wa kupunguza uzito kwa njia ya simu, ilishitakiwa na wateja waliosema walianza na majaribio ya bei ndogo, kisha wakakatwa fedha za miezi mingi na njia ya kujitoa haikuwa rahisi. Mwaka 2022 ilikubali kulipa dola milioni 56 kumaliza kesi. Huko kampuni huchuma kwa mteja aliyesahau kujitoa. Hapa unatuma kwa M-Pesa mara moja, mwanzoni, na habari ya kurudishiwa haipo. Kocha amekwishapata chake siku ya kwanza. Wiki ya tatu ukipotea, hapotezi shilingi. Tena kundi linapumua, maswali yamepungua. Kama malipo yangekuwa ya wiki kwa wiki, nadhani lile jibu la mwenye nia hakosi njia lingesikika mara chache.

Dawa inayotajwa ni nyepesi: kila huduma itangaze walianza wangapi, wangapi walikuwepo mwezi wa tatu, na wastani wao ulikuwa kilo ngapi pamoja na walioacha. Ningependa iwe hivyo. Lakini mfikirie kocha mmoja mwaminifu atakayeanza. Akifanya vizuri kama hospitali ile ya Boston, atalazimika kuandika kwamba karibu nusu yao waliacha na waliobaki wamepungua kilo chache kwa mwaka. Jirani yake kwenye ukurasa uleule anaahidi kilo 10 kwa siku 21, na ana picha. Mteja atamlipa nani? Kwa hilo siwezi kuwalaumu makocha peke yao, maana walioacha nao, wakishapona hasira, wengi wao hulipia bango lile la pili.