Ngumi ya Carlsen na swali la Mkunguni

Jioni moja pale Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, kijana alimsogezea simu mzee aliyekuwa kwenye bao. "Ami, hebu tazama. Huyu ndiye fundi wa sataranji, yaani chess, wa dunia nzima." Kwenye video, Magnus Carlsen anaipiga meza ngumi na kete zinaruka. Ilikuwa Juni 1, 2025, huko Stavanger, nchini kwao Norwei, siku aliyofungwa na Gukesh wa India, bingwa wa dunia wakati huo. Mzee alizuia kete zake mkononi, akatazama mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kafungwaje?"

Kijana hakujua. Swali hilo limenikaa tangu siku ile.

Umaarufu wa Carlsen hakuuokota njiani. Alikuwa grandimasta, daraja la juu kabisa la wachezaji, mwaka 2004, akiwa na miaka 13. Mwaka 2013 alimvua Viswanathan Anand ubingwa wa dunia huko Chennai, mjini kwao Anand. Mwaka uliofuata alifikia alama 2882 katika kipimo cha uwezo wa wachezaji, na hakuna binadamu mwingine aliyewahi kuzifikia. Taji lenyewe hakuporwa; alikataa tu kulitetea, na mwaka 2023 likaenda kwa Ding Liren wa China.

Wanaosema umaarufu wake unaufaa mchezo wana hoja nzito. Mchezo wa watu wawili kukaa kimya kwa saa nyingi unahitaji sura ya kuuvutia umma, na sura hiyo ni yake. Sisi wa pwani neno sataranji tunalo tangu enzi za mababu, lakini vijana wengi hapa hawajawahi kugusa ubao wake. Yule wa Mkunguni asingeufikiria mchezo huu kama si Carlsen.

Upande wa pili nao unauma. Desemba 2024, New York, kwenye mashindano ya dunia ya sataranji ya haraka, alitozwa faini ya dola 200 kwa kuvaa jinzi, akakataa kubadilisha siku ile, akajitoa mashindanoni. Siku chache baadaye shirikisho la kimataifa, FIDE, lililegeza kanuni ya mavazi, naye akarudi kwenye mashindano ya dunia ya blitz, mchezo wa haraka zaidi. Akafika fainali na Mrusi Ian Nepomniachtchi, wakashindwa kupata mshindi, Carlsen akapendekeza wagawane ubingwa huo wa blitz, na wakagawana. Hapo ndipo ninapogoma. Mchezaji asiye na jina angesikilizwa? Pale Mkunguni watu hukaa mpaka mmoja afungwe, hata kama adhana inakaribia na kahawa imepoa.

Hata hivyo, ngumi ile siihesabu kuwa kosa kubwa. Waliokata video wamemdhulumu Carlsen na wametudhulumu sisi. Baada ya kupiga meza alimwomba Gukesh radhi, na alipokuwa akiondoka akampiga kofi la upole mgongoni. Tena wameuacha mchezo wenyewe: muda mrefu Carlsen ndiye aliyekuwa juu, dakika zikaanza kumwishia, akampeleka farasi, mojawapo ya kete zake, mahali pasipo pake, na kila alichokijenga kikabomoka. Mtu anayelijua hilo anaielewa ile hasira. Asiyelijua anabaki na kelele za meza.

Basi jioni ile ile nikautafuta mchezo ule kwenye simu ya kijana, hatua kwa hatua, tukafika kwa yule farasi. Mzee hajui sataranji, lakini aliinama nasi, kete zake bado zimo kiganjani. Kijana akamrudisha farasi nyuma kwa kidole, akanigeukia: "Sasa hapa angecheza nini?"