Kiingiza hewa au dekanta? Tuanze kwa kuhesabu glasi

Ukiwasikiliza wajuzi wa mvinyo, kiingiza hewa ni kifaa cha watu wasio na subira. Kibomba kidogo kama kile, cha kuchomeka kwenye mdomo wa chupa au kushika juu ya glasi, hakistahili meza ya heshima. Anayeuthamini mvinyo wake, wanasema, huumimina kwenye dekanta, lile jagi la kioo lenye tumbo pana, kisha akasubiri upate hewa na harufu yake ifunguke. Wauzaji nao wamewapa sababu ya kukidharau, maana huahidi kwamba sekunde chache zitafanya kazi ya saa nzima. Ahadi hiyo haisimami. Hata hivyo, kukitupa kifaa kwa sababu ya maneno ya muuzaji ni kukionea.

Tazama kinavyofanya kazi. Njia ya mvinyo ndani yake imebanwa katikati. Kimiminika kikipita penye wembamba huenda kasi zaidi na shinikizo lake hushuka, jambo ambalo Mwitaliano Giovanni Battista Venturi alilieleza mwaka 1797. Ubavuni kuna vitundu vidogo, na hapo ndipo hewa inapofyonzwa bila pampu yoyote. Utaisikia ikikoroma wakati wa kumimina, na viputo vitakusanyika ukingoni mwa glasi kabla ya kupasuka. Harufu za salfa, ile ya yai viza au ya njiti ya kiberiti, ambazo mvinyo mchanga wakati mwingine hutoka nazo chupani, ni nyepesi kuruka, na hapo kifaa hiki kinasaidia kweli. Ukakasi wa tanini, ile dutu ya maganda na mbegu za zabibu inayokausha ulimi, ni habari nyingine kabisa. Huo hutaka muda, na anayekwambia umeondolewa kwa mmimino mmoja anakuuzia maneno.

Upande wa pili kuna wanaong'oa kizibo tu na kuiacha chupa mezani ili mvinyo upumue. Hebu tupige hesabu. Chupa ya kawaida ya mililita 750 ina mdomo ambao kwa ndani haufiki upana wa sentimita 2. Mvinyo huohuo ukiwa ndani ya dekanta unaweza kutandaa hadi upana wa sentimita 20. Kipenyo kikizidi mara 10, eneo linazidi mara 100. Kwa hiyo chupa iliyofunguliwa ikasimama saa nzima ikiwa imejaa hadi shingoni haijapata hewa ya maana, na mwenyeji anayejivunia kuifungua mapema amefungua kizibo tu. Hesabu hii naipenda kwa sababu inaipa dekanta haki yake yote: kwa kuutandaza mvinyo, haina mpinzani.

Lakini hesabu hiyohiyo ndiyo inayonitia wasiwasi. Uso mpana kiasi hicho haukupi nafasi ya kubadili mawazo. Mililita zote 750 zinapata hewa kwa pamoja, na oksijeni ikishaingia hairudishwi. Émile Peynaud, mtaalamu wa mvinyo kutoka Bordeaux, Ufaransa, aliyeheshimika mno katika taaluma hii, alionya kwamba kuuacha mvinyo kwenye hewa muda mrefu kabla ya kunywa hufifiza manukato yake. Kiingiza hewa hakina hatari hiyo kwa kiwango kile, kwa kuwa kinagusa glasi iliyo mbele yako peke yake. Mvinyo uliobaki chupani unazibwa na kusubiri kesho. Hili wanaokidharau hawalitaji, na kwangu ndilo linaloamua.

Basi anayekunywa glasi moja jioni kisha akarudisha kizibo hana sababu ya kuchafua dekanta. Kinachomfaa ni kile cha kushika mkononi. Vivyo hivyo kwenye meza ambayo mmoja anapenda mvinyo wake hivyohivyo na jirani yake anautaka uliokwisha kupata hewa: kila mtu anapata glasi yake kutoka chupa ileile. Wageni wakiwa wengi na chupa zikifuatana, cha kuchomeka kwenye shingo kinaokoa mikono, mradi kitolewe baada ya kumimina. Kikiachwa humo usiku kucha, chupa imelala wazi.

Dekanta ina mahali pake, tena pakubwa. Mvinyo wa miaka mingi wenye mashapo humiminwa humo taratibu, jicho likiwa shingoni mwa chupa, na mkono husimama mashapo yanapoanza kukaribia. Kiingiza hewa hapo ni kosa, kwani kinautikisa mvinyo dhaifu na hewa nyingi inaweza kuuua kabla ya glasi ya pili. Mvinyo mchanga mzito utakaomalizwa wote kwenye mlo mrefu nao nitaupeleka kwenye dekanta. Shampeni na wenzake, viputo ndiyo uhai wao, kwa hiyo vyote viwili vikae kabatini.

Kabla ya kuamua, mimina kidogo kwenye glasi mbili, moja kupitia kifaa na nyingine bila kifaa, unuse kisha uonje. Usipoona tofauti, mvinyo huo hauhitaji msaada. Na anayenunua kifaa kimoja tu achukue cha mkononi kinachofunguka vipande vipande, akisuuze mara tu anapomaliza, kwa sababu mvinyo ukikaukia kwenye vile vitundu vya ubavuni, hewa haipiti tena.