Mwili Uliopungukiwa Homoni Haufai Kuadhibiwa kwa Mazoezi

Kwa karibu mwaka mzima kabla ya kupimwa damu, niliamini kwamba nimekuwa mvivu. Nilikuwa nikipanda ngazi za ghorofa moja tu na kulazimika kusimama katikati nikishika ukuta, mapaja yakiwa mazito kama nguo iliyolowa maji, na asubuhi nilikuwa naamka kope zimevimba na vidole vimejaa kiasi kwamba pete ilikuwa haitoki bila sabuni. Uzito ulipanda ingawa sahani yangu ilikuwa ile ile. Kila niliyemweleza alinijibu kwamba nile kidogo na nifanye mazoezi zaidi, nami nikatii: nikaanza kukimbia. Siku moja ya kukimbia ilinigharimu siku mbili za kulala na maumivu ya misuli, na katika siku hizo mbili nilijilaumu kuliko yeyote aliyepata kunilaumu.

Kipimo cha damu kilipokuja kuonyesha kwamba nina upungufu wa homoni za tezi ya thairoidi, jambo la kwanza nililohisi lilikuwa nafuu, na la pili lilikuwa uchungu kwa muda wote niliotumia kuuadhibu mwili ambao haukuwa na cha kunipa. Ndiyo sababu ninaandika. Naona watu wengi wenye hali hii wanaingia katika mazoezi kwa mlango ule ule wa adhabu, na nina hakika kwamba huo si mlango wa kupitia.

Tezi hii ina umbo la kipepeo, imekaa mbele ya shingo chini kidogo ya zoloto, na kwa mtu mzima uzito wake ni takriban gramu 20 tu. Homoni zake mbili kuu, T4 na T3, ndizo zinazopanga kasi ambayo seli hutumia chakula na oksijeni. Zinapopungua, moyo hupiga polepole na kusukuma damu kidogo kuliko kawaida, misuli huchelewa kulegea baada ya kukaza, matumbo huzubaa, ngozi hukauka, na baridi ambayo wenzako hawaioni hukuingia hadi mifupani. Tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo huona upungufu huo na kupaza sauti kwa kutoa homoni iitwayo TSH kwa wingi, na hapa ndipo wengi tunapochanganyikiwa tunaposoma majibu: TSH ikiwa juu, maana yake homoni za tezi ya shingoni ziko chini. Duniani kote ukosefu wa madini joto (iodini) ni sababu mojawapo kubwa, lakini mahali ambapo madini hayo yanatosha, sababu ya kawaida zaidi ni kinga ya mwili kuishambulia tezi, ugonjwa ulioelezwa mwaka 1912 na daktari Mjapani Hakaru Hashimoto na ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake. Wanawake hupatwa mara nyingi zaidi kuliko wanaume.

Sasa nije kwenye uzito, kwa sababu hapa kuna ukweli ambao sikufurahia kuusikia. Chama cha Thairoidi cha Marekani kinaeleza kwamba uzito unaoweza kuhesabiwa kuwa umeletwa na upungufu wenyewe kwa kawaida ni kati ya kilo 2 na 5 hivi, kutegemea ukali wa hali, na kwamba sehemu kubwa yake ni chumvi na maji yaliyozuiliwa mwilini, si mafuta. Mimi nilikuwa nimeongezeka zaidi ya hapo. Nilitamani kuambiwa kwamba kilo zote ni za tezi, ili kidonge kije kiziondoe zote, lakini haikuwa hivyo. Hata hivyo, sikubaliani hata kidogo na wale wanaochukua takwimu hiyo na kuigeuza kuwa fimbo, wakisema kwamba basi tezi si kisingizio. Mtu ambaye kwa miezi mingi amekuwa akihisi usingizi mchana, akiumwa misuli na kuhema kwenye ngazi, atakuwa ametembea kidogo, amekaa sana, na pengine amekula ili apate nguvu ambazo chakula hakiwezi kumpa. Kilo hizo hazikuletwa na homoni moja kwa moja, lakini zilipita njia ambayo homoni iliifungua.

Kwa hiyo mpangilio ni muhimu: dawa kwanza, jitihada baadaye. Levothairoksini, ambayo ndiyo dawa ya kawaida, ni T4 iliyotengenezwa maabara, nayo hukaa mwilini kwa muda mrefu. Nusu yake huondoka baada ya siku 7 hivi, na kwa sababu hiyo kiwango chake hakitulii hadi zipite takriban wiki 6, ndipo TSH hupimwa tena na dozi kurekebishwa. Wiki hizo za kungoja ni ngumu. Mimi nilizirefusha kwa kosa langu mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa nikimeza kidonge cha tezi pamoja na vidonge vya madini ya chuma nilivyokuwa nimeandikiwa, bila kujua kwamba chuma na kalsiamu huizuia dawa hii isifyonzwe na yafaa vitenganishwe nayo kwa saa 4. Kahawa nayo huipunguza nguvu. Siku hizi kidonge na glasi ya maji hukaa kando ya kitanda. Nakimeza mara ninapoamka, kisha naoga, navaa, na sili chochote kabla ya dakika 60 kupita. Mtu asiyefanikiwa asubuhi anaweza kuzungumza na daktari wake kuhusu kumeza usiku, angalau saa 3 baada ya mlo wa mwisho.

Jambo moja naomba lisichukuliwe kwa wepesi. Wapo wanaojiongezea dozi ili wapungue haraka, na wapo wasio na tatizo lolote la tezi wanaotafuta dawa hii kwa ajili ya kukonda. Homoni ikizidi, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika na mifupa ikapoteza uimara wake, na kilo zinazoondoka kwa njia hiyo huondoka pamoja na misuli. Sijui tamaa ya umbo inayostahili kulipiwa kwa moyo.

Homoni zilipoanza kutulia, nilirudi kwenye mazoezi kwa namna nyingine kabisa. Nilitembea dakika 10 kwenye ardhi tambarare, kwa mwendo unaoniruhusu kutamka sentensi nzima bila kukatika pumzi, kisha nikaangalia kesho yake. Hiyo kesho ndiyo ikawa mwalimu wangu. Nikiamka kama kawaida, niliongeza dakika 2 au 3 wiki iliyofuata. Nikiamka nimevunjika, nilibaki pale pale au kurudi nyuma, na sikujihesabia kosa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu siku 2 au zaidi. Ni lengo zuri, lakini kwa mtu anayetoka katika upungufu ni mahali pa kufika, si pa kuanzia. Mwenye ugonjwa wa moyo, au anayepata maumivu ya kifua anapojituma, amwone daktari kabla ya hata hizo dakika 10.

Mazoezi ya nguvu ndiyo niliyoyadharau zaidi, na ndiyo ninayoyatetea zaidi leo. Nilianza kwa kuinuka kitini mara 10 bila kujisaidia kwa mikono, nikishuka polepole kila mara, kisha kujisukuma kutoka ukutani. Mtu anapopunguza chakula bila kuitumikisha misuli, sehemu ya anachopoteza ni misuli yenyewe, na kwa mtu ambaye misuli yake tayari imedhoofishwa na ugonjwa hiyo ni hasara juu ya hasara. Kwa upande wa chakula sina mengi ya kusema zaidi ya kwamba nilipunguza kidogo kidogo na sikujinyima sana, maana mwili ulionyimwa chakula kwa ukali hupunguza kasi ya kugeuza T4 kuwa T3. Sikugusa pia virutubisho vya madini joto, kwa kuwa yakizidi yanaweza kuizidishia taabu tezi inayoshambuliwa na kinga.

Na iwapo TSH imekaa sawa lakini uchovu haukuondoka, tafadhali usirudi kwenye kujilaumu. Rudi kwa daktari uulize kuhusu upungufu wa damu, vitamini B12, na usingizi unaokatika kwa kukosa pumzi, kwani mambo haya huambatana na hali yetu mara nyingi kuliko tunavyodhani.

Napanda mizani mara moja kwa wiki, asubuhi ile ile, na bado nina kilo 3 zaidi ya nilizokuwa nazo kabla ya kuugua. Wiki iliyopita nilipanda zile ngazi nikiwa na mfuko mzito mkono mmoja na simu sikioni, nikimsikiliza dada yangu na kumjibu, na nilipofika juu ndipo nilipotambua kwamba sikuwa nimegusa ukuta.