Karatasi ya Shilingi 45,000 Juu ya Boneti

Shemeji yangu aliponiomba nimsindikize kwenye yadi moja ya magari hapa Mombasa, alikuwa ameshachagua gari lake, lenye umri wa miaka saba, lililoagizwa kutoka Japani, na bei walikuwa wameshaelewana. Kilichobaki ni karatasi moja ambayo muuzaji aliitandaza juu ya boneti, yaani dhamana ya mwaka mmoja kwa nyongeza ya shilingi 45,000. "Mzee wangu, gari limethibitishwa hili," alimwambia shemeji. "Ukilipia na hii, wewe lala usingizi tu." Nikaomba niisome kwanza, palepale juani, na tangu siku hiyo nimekuwa na shaka kubwa na dhamana za aina hii, ingawa sisemi kwamba zote ni za kutupa.

Tuanze na hilo neno kuthibitishwa. Kule Marekani neno hilo lina mwenyewe: Toyota, kwa mfano, huwa na mpango wa magari yaliyotumika yanayokaguliwa na wauzaji wake rasmi, kisha kampuni yenyewe hudhamini injini na gia boksi kwa miaka 7 au maili 100,000, hesabu ikianzia siku gari lilipouzwa likiwa jipya. Kenya, kwa upande wake, huruhusu kuingizwa magari ambayo hayajapita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na wengi wetu huagiza yaliyokaribia ukomo huo kwa sababu ndiyo yanayoingia mfukoni. Maana yake ni kwamba gari la shemeji liliposhushwa Kilindini, hata mtengenezaji, kwa kipimo chake cha Marekani, angekuwa ameanza kukunja jamvi. Je, yadini anayethibitisha ni nani? Ni muuzaji mwenyewe, na mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Cheti cha ukaguzi kinachotolewa Japani kwa niaba ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kabla gari halijapakiwa melini ni kitu chema, lakini kinaeleza hali ya gari siku lilipokaguliwa, hakimwahidi mtu lolote kuhusu mwaka unaofuata.

Karatasi yenyewe ilikuwa na kurasa mbili, na ukurasa wa pili ndio uliokuwa na maneno madogo. Ilidhamini injini na gia boksi peke yake. Breki pedi, bushi, shokabsoba, mikanda, betri, sili za mpira, vifaa vyote vya umeme na kiyoyozi havikuhusika, na kutu pia haikuhusika, jambo ambalo kwa mji uliozungukwa na maji ya chumvi ni sawa na kumuuzia mtu mwavuli wa kutumia kiangazi. Kifungu kilichonisimamisha ni kile kilichosema kwamba injini iliyoharibika kutokana na kuchemka haitalipiwa. Basi injini za hapa kwetu hufa kwa ugonjwa gani, hasa zile zinazokaa kwenye foleni ya feri Likoni saa nane mchana huku kiyoyozi kikiwaka? Mwenye gari alitakiwa pia kulifanyia gari sevisi kila kilomita 5,000 na kutunza risiti zote, na endapo gari litaharibika, alifikishe kwa gharama yake kwenye gereji waliyoiteua wao, iliyoko Nairobi. Tulikuwa tumesimama karibu kilomita 480 kutoka gereji hiyo.

Hesabu nayo haikuchukua muda. Kiwango cha juu ambacho wangelipa kilikuwa shilingi 150,000, na katika kila dai mteja angechangia 15,000 za kwanza, kwa hiyo hata mambo yakiharibika kabisa angepata 135,000 kwa kutoa 45,000. Ili fedha hizo zirudi, gari lingehitaji uwezekano wa moja kwa tatu wa kuvunjika injini au gia boksi ndani ya mwaka huo mmoja, tena kwa namna ambayo maneno madogo hayaikatai. Gari likiwa na hatari kubwa kiasi hicho, mimi nisingelinunua kabisa, iwe kwa dhamana au bila dhamana.

Magari ya haibridi, yaani yanayotumia petroli pamoja na umeme, kwangu ni tofauti. Betri kubwa ya gari la aina hiyo ni kifaa kimoja cha bei kali, joto huipunguzia umri, na feni inayoipoza ikiziba vumbi mambo huwa mabaya zaidi. Muuzaji akiitaja betri hiyo kwa jina katika maandishi, na kukubali kwamba itapimwa na kubadilishwa hapahapa Mombasa, ningelipa, tena bila kusitasita. Ikiwa haikutajwa, basi haimo, hata muuzaji aape vipi.

Kuna wanaolipia dhamana kwa kudhani kwamba bila hiyo hawana haki yoyote, na dhana hiyo si sahihi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, humtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora unaofaa kuuzwa, japokuwa haimlindi mnunuzi dhidi ya kasoro ambazo ukaguzi wake mwenyewe ulipaswa kuzifichua. Mahakama ya Madai Madogo nayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Ni njia yenye usumbufu, nakubali, lakini ipo, na hailipiwi yadini.

Shemeji hakuichukua ile dhamana. Tulimleta fundi wetu akaliinua gari, akachokonoa fremu kwa bisibisi akitafuta kutu, akanusa mafuta ya gia boksi, kisha akaisoma kompyuta ya gari. Tuliomba pia karatasi ya mnada wa Japani, ile inayoeleza hali ya gari lilipouzwa mnadani huko, ili tulinganishe kilomita zake na zile za dashibodi, na tuhakikishe kwamba haina herufi R inayoashiria gari lililowahi kufanyiwa matengenezo ya ajali. Fundi alilipwa 5,000, na 40,000 zilizobaki shemeji akaziweka kando, akakatazwa na dada yangu kuzigusa. Mwezi wa nane tangu alinunue gari, kompresa ya kiyoyozi ilikufa, akatoa 32,000 katika fungu hilo, na gari likatengenezwa Changamwe siku hiyohiyo.