Dogo, barua unayo?

Kila wiki nakuta meseji ya aina moja, "kaka Kali Linux nimeshaiweka, sasa nidukue nini?" (Kali ni mfumo endeshi wa kompyuta unaokuja na zana za udukuzi.) Na mimi narudi na swali lilelile, barua unayo? Barua ya ruhusa, imesainiwa na mwenye mfumo, inataja seva zipi unagusa, tarehe gani mpaka gani, na mambo yakiharibika saa nane usiku unampigia nani. Bila hiyo sio pentesti, yaani kupima usalama wa mfumo kwa kujaribu kuudukua. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na kuingia tu kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa, hata kama hujachukua kitu.

Na uhakikishe aliyesaini ndiye mwenyewe kweli. 2019 kule Iowa, Marekani, jamaa wawili wa Coalfire, kampuni ya kupima usalama, waliingia usiku kwenye jengo la mahakama, kazi walipewa na mahakama ya jimbo na barua wanayo, bado sherifu akawaweka ndani maana jengo ni la kaunti. Mashtaka yalifutwa 2020 lakini rumande walishalala.

Sasa kazi yenyewe. Vitu vingi nilivyowahi kuvipata nimevipata kwa brauza tu. Kuna mfumo wa kulipia ada nilipewa niupime, nikajisajili kama mzazi, nikafungua risiti yangu, juu kwenye linki mwishoni kuna 417, nikafuta nikaweka 416, ikafunguka risiti ya mzazi mwingine, jina, namba ya simu, mpaka darasa la mtoto. Nikaishia hapo, 415 sikuigusa. Moja inatosha kuthibitisha, ya pili ni udaku. Nikapiga skrinishoti, nikaziba jina, nikaandika saa na dakika, nikawapigia palepale.

Nmap, ile programu ya kuchungulia mashine zilizopo kwenye mtandao, nayo tuitumie kwa adabu jamani. Niliwahi kuikimbiza kwa -T5, kasi yake ya juu kabisa, asubuhi kwenye mtandao wa mteja, mashine yao ya zamani ya kusaini kwa kidole ikaganda, watu foleni mpaka nje. Niliwaomba radhi na toka siku ile naanza taratibu, na vifaa vya zamani naviulizia kabla.

Kinachoniuma zaidi ni hili jina mdukuzi kupewa wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Yule ni tapeli, hajadukua chochote. Neno lenyewe la Kiingereza, hacker, lilikuzwa na wanafunzi wa MIT waliokuwa wanachezea swichi za treni za mfano, mwishoni mwa miaka ya 1950, watu wa kufungua kitu waone kinafanyaje kazi halafu wanaonyeshana. Nmap yenyewe tunaipata bure tangu 1997 kwa moyo huohuo, halafu sisi mtu akijua kitu kidogo anakificha au anakiuza kwenye magrupu ya Telegram.

Dogo mmoja alinielewa, akaweka DVWA, programu ya mazoezi iliyoachiwa matundu makusudi, kwenye laptopu yake mwenyewe akawa anaipiga hiyo usiku kucha. Juzi kanitumia ripoti yake ya kwanza, kurasa 4, kila skrinishoti ina saa na dakika.