Jasiri gani wa kubebwa?

Jalada la nyuma la riwaya ya mapenzi linakuahidi binti jeuri wa Uingereza ya 1811 hadi 1820, miaka ambayo mwana wa Mfalme George III alitawala kwa niaba ya baba yake mgonjwa. Anapanda farasi kama wanaume, bastola anaijua, ndoa haitaki katakata. Haya, unanunua. Sura ya tatu tu keshateguka mguu, kabebwa na dyuki, kabaila wa cheo cha juu kabisa! Na hao madyuki wanatoka wapi? Nchi nzima walikuwa hawajazi hata basi moja, ila riwayani kila kona yupo mmoja, kijana, tajiri, na meno yote anayo.

Kinachoniudhi zaidi ni mwisho. Bibie anaolewa, eti sasa yuko huru. Huru wapi? Kwa sheria ya wakati ule, akishaolewa tu fedha zake ni za mume; hilo lilikuja kubadilika hasa mwaka 1882. Mjane mwenye mali ndiye aliyekuwa na nafasi ya kujiamulia, lakini huyo tunaletewa kwa nadra.

Wajasiri walikuwepo. Lady Hester Stanhope, msafiri Mwingereza, aliondoka kwao 1810, akafika Palmyra, Syria, mwaka 1813. Uingereza hakurudi tena, wala hakuolewa. Niandikieni huyo.